Chupa ya Tano

Duka la diuti frii lilipofunguliwa katikati ya mji wa Nakuru, watu wa kwanza kufurika mlangoni hawakuwa watalii. Tulikuwa sisi wenyeji. Habari ilikuwa imeenea kwamba kuna duka ambalo vitu vyake havitozwi ushuru, na mtu wa kwetu akisikia "bila ushuru" hawezi kukaa nyumbani. Palikuwa na akina mama waliotoka mazoezi ya kwaya na vikapu vyao, makanika wenye grisi mikononi, na mzee mmoja aliyetaka kujua kama humo ndani kuna mabati. Mlinzi alikuwa akirudia maneno yale yale mpaka sauti ikamkauka: "Pasipoti na tiketi ya ndege. Pasipoti na tiketi ya ndege."

Jamaa mmoja akaibuka na pasipoti kweli. Alikuwa ameitafuta zamani akitaka kwenda kazi Uarabuni, safari ikafa, pasipoti ikabaki ndani ya Biblia. Alipoambiwa bila tiketi hasaidiki, alimtazama mlinzi kwa huruma. "Boss," akamwuliza, "kwani nikinunua sabuni hapa lazima niende kuogea Ulaya?" Watu walicheka mpaka mlinzi mwenyewe akageuka ukutani ili asionekane meno.

Mimi niliyaona hayo yote kutoka ndani, kupitia kioo. Nilikuwa nimeingilia mlango wa nyuma. Sina pasipoti, na hata kitambulisho changu picha imefifia hivi kwamba askari akinisimamisha lazima anitazame mara mbili. Lakini rafu moja humo ndani, ile iliyo karibu na dirisha, ilikuwa yetu.

Nikisema yetu, nasema akina mama saba wa Kabazi, huko juu upande wa Subukia, tunaopika jamu ya plamu. Kwetu plamu si matunda, ni mafuriko. Miti ilipandwa na wazungu wa mashamba ya zamani, wakaondoka, miti ikabaki, nasi tukaiongeza. Ikifika msimu, yote inaiva wiki moja. Unakula, watoto wanakula, unapelekea kanisa, unapelekea jirani ambaye naye anakuletea zake, mwishowe ng'ombe wanakula na zinazobaki zinaoza chini ya miti, nyigu wanafanya sherehe. Broka wa mjini alikuwa na tabia ya kuja siku zinapoanza kulainika, anabonyeza moja kwa kidole gumba, anatikisa kichwa kana kwamba anahudhuria mazishi, halafu anataja bei ya kukutusi. Ndiyo maana tulianza kupika jamu. Na ndiyo maana ile rafu, nakuambia, niliipenda kama mtu.

Duka lilijengwa kwa fikra moja ambayo hata mimi niliielewa mara moja. Watalii wanakuja kuona ndege wa ziwani na vifaru, wanapiga picha, wanalala usiku mmoja, wanaondoka. Mji unabaki na vumbi lao tu. Sasa mgeni akipata mahali pazuri pa kununua vitu mjini, bila ushuru, atashuka kwenye gari, atatembea, atakunywa chai, na akiondoka ataenda na kitu cha huku. Kwa hiyo katikati ya manukato na pombe kali za ng'ambo ikawekwa rafu moja ya vitu vya kwetu: asali, vikapu, na jamu yetu ndani ya chupa zenye kifuniko chekundu.

Meneja alikuwa kijana mtanashati kutoka Nairobi, viatu vyake vinang'aa hata msimu wa matope. Alituita mimi na mwenyekiti wetu akatueleza bila kuzunguka. "Hii rafu ni ya kujaribu mpaka msimu wa watalii uishe," alisema. "Ikienda sawa, inakaa. Lakini ikileta shida na watu wa forodha, hata shida moja, inatoka siku hiyo hiyo. Leseni ya duka ni kubwa kuliko jamu."

Nilimwambia shida hapati kwangu. Nilisema kwa kifua, mwenyekiti ni shahidi. Aibu hiyo nitaibeba mpaka kaburini.

Niliruhusiwa kusimama kando ya rafu Jumatano na Jumamosi, niwaonjeshe wageni. Nilivaa gauni langu la kitambaa cha maua na aproni nyeupe niliyoipiga pasi mpaka ikasimama yenyewe. Kaunta ilikuwa na msichana mmoja wa mtaa wa Kaptembwo, mcheshi, aliyekuja kazini kwa miguu kila asubuhi na bado akafika akinukia vizuri kuliko manukato ya dukani. Aliniita mathe, yaani mama, tangu siku ya kwanza. Yeye ndiye aliyenifundisha sheria za pale, na sheria zilikuwa nyingi kuliko za kanisani.

Mgeni anaonyesha pasipoti na tiketi. Vitu vyake vinaingia kwenye mfuko mzito wa plastiki unaoonekana ndani. (Sisi wa sokoni mifuko ya plastiki tulipigwa marufuku kitambo, kumbe ilikuwa imehamia huku.) Pamoja na vitu inaingia karatasi yenye orodha, kisha mdomo wa mfuko unafungwa kwa mhuri ambao ukiubandua unararuka. Mgeni haruhusiwi kuufungua mpaka awe ndani ya ndege. Na kule uwanja wa ndege afisa wa forodha anaweza kusimamisha mfuko wowote, asome orodha, ahesabu vitu kupitia plastiki. Vikilingana, safari njema.

"Na mimi nikitaka chupa moja ya jamu yangu mwenyewe nimpelekee pasta?" nilimwuliza.

"Mathe, uko na tiketi ya ndege?"

"Niko na miguu."

"Basi nenda ukapike ingine," akaniambia, na tukacheka wote wawili, ingawa mimi moyoni niliona ni upuuzi wa hali ya juu. Chupa niliyoiosha, nikaijaza, nikaifuta, nikaibeba kutoka Kabazi magotini, sasa imenipita cheo.

Sasa lazima nieleze mkono wangu. Kabla ya jamu niliuza viazi katika soko la Nakuru kwa zaidi ya miaka ishirini, mpaka mgongo ukakataa. Na sokoni kwetu hakuna biashara inayoisha kwenye mizani. Unapima, mteja analipa, unamwagia viazi kwenye kikapu, halafu mkono unarudi kwenye gunia na kuchukua vingine viwili vitatu na kuvitupia juu. Hiyo ni nyongeza. Haiombwi, na kama mteja amefika mahali pa kuiomba, basi ameshakudharau. Muuzaji asiyetoa nyongeza anajulikana soko zima. Watu wanapita meza yake wakitazama angani. Mimi nilikuwa najulikana kwa upande mwingine. Kuna wanawake waliovuka mitaa mitatu kuja kununua kwangu, na si kwa sababu viazi vyangu vilikuwa vitamu.

Wateja wetu wa kwanza walikuwa mume na mke, wazee, weupe wa nywele na weupe wa viatu pia, kwa maana walikuwa wametoka Kariandusi kutazama mashoka ya mawe ya watu wa kale na vumbi jeupe la kule limewapaka mpaka magotini. Niliwapa jamu kwenye kipande cha mkate. Yule mama alifumba macho. Haki ya Mungu, alifumba macho, akasimama hivyo kwa muda, na mimi nikahisi joto limenipanda kutoka miguuni. Walinunua chupa nne. Msichana akaziweka kwenye mfuko, akatumbukiza orodha, akageuka kuchukua mhuri uliokuwa kwenye droo.

Mkono wangu ukaenda. Sikuutuma. Tulikuwa na chupa ndogo ndogo za kuonjesha, zinazotosha kiganjani, na moja ikaingia mfukoni kati ya zile nne, ikakaa vizuri. Yule mzee akaniona, akafungua mdomo. Nikaweka kidole midomoni mwangu na kumkonyeza. Naye akanikonyeza. Mfuko ukafungwa.

Siku ile nilirudi Kabazi nikiimba. Nilikuwa nimeogopa kwamba duka la vioo lingenifanya mtu mwingine, na kumbe nimeuza kule kama nilivyouza sokoni, na wageni wameondoka wakijua wamenunua kwa mtu. Tangu siku hiyo hakuna mteja wa rafu yetu aliyetoka mkono mtupu wa nyongeza. Msichana akigeukia droo, mimi natumbukiza. Nilikuwa mwepesi, hata yeye aliyesimama karibu nami hakuwahi kuona. Nilifanya hivyo Jumatano zote na Jumamosi zote, bila wasiwasi wowote, kwa furaha tupu.

Mpaka Jumatano moja nilifika nikakuta rafu yetu imefunikwa na shuka.

Meneja alikuwa amesimama mbele yake, mikono kiunoni, viatu havijapigwa rangi. Hapo nikajua mambo ni mabaya. Alinieleza kwamba kule uwanja wa ndege mfuko mmoja ulihesabiwa: orodha inasema chupa nne, ndani ziko tano. Afisa akadhani ni makosa ya macho. Kesho yake mfuko mwingine: orodha mbili, ndani tatu. Kisha mwingine. Na mihuri yote mizima, haijaguswa. Watu wa forodha hawakuwa na shida na mifuko inayopungua, hiyo wameizoea; hii inayoongezeka ndiyo iliyowatia baridi. Kitu ambacho hakimo kwenye orodha kimeingiaje ndani ya mfuko uliofungwa, na ndani yake kuna nini? Afisa mwenyewe alikuwa njiani anakuja Nakuru.

"Kuna mtu humu ndani anaiba," meneja alisema.

Sasa mimi nina ugonjwa mmoja. Nikisikia neno la kijinga, mdomo unanitangulia. "Anaiba vipi na vitu vinaongezeka?" nikamwuliza. "Wewe ulishaona wapi mwizi wa kuleta?"

Meneja alikuwa anamtazama msichana wa kaunta, kwa sababu kila mfuko aliufunga yeye. Na msichana naye alikuwa anatazama sakafu bila kuelewa hata chembe ya kilichotokea. Ndipo hasira yangu ikaniishia yote mara moja, ikabaki aibu. Nikaona wazi, kama mtu aliyewashiwa taa, kwamba mwizi wa kuleta ni mimi.

Afisa alifika kabla sijasema. Alikuwa mwanamke wa rika la binti yangu wa kwanza, sare imenyooka, sura ambayo hairuhusu mzaha. Aliweka mezani mifuko miwili iliyozuiwa, bado imefungwa, na ndani ya kila mmoja, katikati ya chupa kubwa, kachupa kangu kadogo kametulia bila haya yoyote. Akamwuliza msichana, "Hii ni nini?"

"Ni mimi," nikasema.

Wote wakanigeukia.

"Madam, huyu mtoto hajui kitu. Ni mimi niliweka. Nilingoja ageuke, nikaweka."

"Ukaweka nini?"

"Nyongeza."

Meneja alishika kichwa chake kwa mikono miwili. Msichana akatoa sauti, "Mathe!" na sikujua kama ni ya hasira au ya shukrani, labda vyote. Afisa hakucheka. Alivuta kiti, akakaa, akafungua daftari.

"Nieleze," akasema.

Nilimweleza. Nilimweleza viazi, mizani, gunia, mkono. Meneja akajaribu kuniokoa, masikini, akasema labda tungeiita zawadi, kuna maduka mengine yanatoa zawadi na sheria inaikubali. Ningenyamaza pale ningekuwa mtu mwenye akili. Lakini nilisema hapana, zawadi ni kitu kingine. Zawadi unampa mtu unayemjua, kwa siku yake. Nyongeza unampa mtu usiyemjua kwa sababu amekuamini akatoa pesa yake, na wewe unamwonyesha kwamba hukumtazama pesa peke yake.

Afisa aliandika kwa muda mrefu. "Kila mteja?" akauliza.

"Kila mteja, madam. Hakuna niliyembagua."

Nadhani hapo ndipo kona ya mdomo wake ilipocheza, lakini ilikuwa haraka sana na siwezi kuapa. Alifunga daftari. Akasema tatizo lake si moyo wangu, tatizo lake ni kwamba chupa isiyo kwenye orodha hana njia ya kujua imetoka wapi na imejazwa nini, na hawezi kuiruhusu kupanda ndege kwa sababu mama mmoja wa Nakuru ana mkono mwema. Rafu itabaki imefunikwa. Yeye atakuja Kabazi kuona jiko lenyewe, halafu ataandika ripoti, na ripoti ndiyo itakayosema kama rafu inarudi au inatoka moja kwa moja. Msichana hana kosa. Hilo alilisema kwa sauti ya kusikika, akimtazama meneja, na kwa hilo peke yake nilimheshimu.

Njia ya kwenda Kabazi siku ile ilikuwa ndefu. Nilikuwa napanga maneno ya kuwaambia wenzangu sita, na plamu nazo, kwa uchokozi wao, zilikuwa zimeanza kuwa nyekundu pande zote mbili za barabara. Wiki mbili, tatu hivi, zingeiva. Tulikuwa tumeshaosha sufuria. Tulikuwa tumeshaagiza chupa.

Nilisimama mbele yao jikoni nikasema yote. Sikujipaka mafuta. Mwenyekiti wetu, ambaye ni mkubwa wetu kwa umri na kwa mwili, alisikiliza mpaka mwisho, uso umefunga. Nikajua sasa naliwa mzima.

"Ulikuwa unatoa chupa ndogo ama kubwa?" akauliza.

"Ndogo."

"Afadhali," akasema.

Mwingine akadakia, "Kwani angefanya nini? Awaache watu wa watu waende hivyo hivyo, waseme Kabazi kuna uchoyo?" Basi wakaanza kubishana wao kwa wao kama kwa mgeni wa mbali inafaa kuongeza moja au mbili, na mimi niliyekuja nimejiandaa kutukanwa nikabaki nimesimama na kilio changu, hakuna wa kukipokea. Nilicheka huku nalia. Lakini baadaye, tulipotoka nje tukaiona ile miti, kicheko kilituisha. Mwenyekiti alisema kwa sauti ya chini, "Rafu ikienda, tunarudi kwa broka."

Na broka, kana kwamba amenusa, alipita wiki hiyo hiyo. Alibonyeza plamu moja ambayo ilikuwa bado ngumu kama jiwe, akatikisa kichwa chake cha mazishi. Nilimwambia aende akabonyeze pua yake.

Siku ya afisa kuja tuliosha jiko mara tatu. Tuliosha kuta. Tuliosha mpaka mti ulio karibu na mlango, na si utani, mwenyekiti aliufuta kwa kitambaa. Gari lilipanda polepole kwenye matope, likateleza, likajirekebisha, na madam akashuka amevaa gambuti, bila sare, kitambaa kichwani. Kwa gambuti zile nilianza kupata matumaini, kwa sababu mtu anayekuja kufunga kazi yako haji amejiandaa kukanyaga matope yako.

Lakini alipoingia alikuwa mkali vile vile. Alitazama sufuria ndani na nje. Alifungua gunia la sukari. Alihesabu chupa, akanusa vifuniko, akauliza kila mmoja wetu kazi yake, mmoja mmoja, wengine tukitolewa nje kama watoto wa mtihani. Aliuliza maji yanatoka wapi. Aliuliza nani anaandika tarehe. Mimi aliniuliza mwisho, na aliniuliza swali moja tu: zile chupa ndogo za kuonjesha zinajazwa kutoka sufuria gani?

"Sufuria ile ile, madam. Kuna sufuria gani ingine?"

Akaandika.

Alipomaliza alitaka kuondoka. Hapo sasa ndipo alipokutana na sheria zetu. Mwenyekiti alisimama mlangoni, na mwenyekiti akisimama mlangoni mlango unakwisha. "Mgeni haondoki Kabazi bila chai," akasema. Madam akasema yuko kazini. Mimi nikamwambia yeye yuko kazini lakini chai haiko kazini. Akatutazama sisi saba, tumepangana na vikombe, akakubali kushindwa. Alikaa. Tukamletea chai ya maziwa, na chapati za moto, na jamu kwenye bakuli.

Alipaka kidogo, kwa adabu. Akala. Halafu akapaka tena, na mara hiyo hakupaka kwa adabu. Tulikuwa tunamtazama mdomo tu, watu wazima saba. Alipofika chapati ya pili alisema, bila kuinua kichwa, "Ripoti yangu nitaandika leo. Jiko ni safi. Rafu itafunguliwa Jumatatu, na itakaa."

Sijui nani alianza kupiga vigelegele. Najua mimi nilimaliza. Ng'ombe wa jirani waliitikia. Mwenyekiti alinishika akanizungusha, mgongo wangu ukatoa mlio, na sikujali. Nilikuwa nimeamka wiki zile zote na jiwe kifuani, nikidhani nimewanyima wanawake sita mlango wao kwa mkono wangu mwenyewe, na sasa lile jiwe halikuwepo tena. Nililia wazi wazi, aproni usoni.

Madam alingoja tutulie. "Lakini," akasema, na akaninyooshea kijiko. "Wewe. Mfuko wa duka hauingii hata mbegu ya plamu isiyo kwenye orodha. Tunaelewana?"

"Tunaelewana, madam. Na chapati?"

"Chapati gani?"

"Mteja akishalipa, kabla hajatoka, nikimpa kipande cha chapati na jamu, akile pale pale? Haiingii mfukoni. Inaingia tumboni."

Aliweka kijiko chini. Kwa jinsi alivyokunja uso ungedhani nimemletea kesi ya mahakama kuu. "Tumbo la abiria," akasema hatimaye, "mimi sihesabu." Na hapo akacheka. Alikuwa na kicheko kikubwa kuliko mwili wake, mwenyekiti mwenyewe akashtuka.

Mpaka leo ndivyo tunavyofanya. Njoo Jumatano au Jumamosi utaona: watalii wamesimama katikati ya manukato, mfuko wao umefungwa umewekwa chini, wanakula chapati, vidole vinanata, wanaulizana majina. Msichana wa kaunta analalamika kwamba nitamjazia duka makombo, na anakula kuliko wote. Meneja ameongeza rafu ya pili. Ya kwetu ni ile ile ya dirishani, na juu yake hakuna shuka.

Lakini siku ile haikuishia kwenye chai. Madam alipofika kwenye gari aligeuka akasema anataka kununua chupa sita, za mama yake, kwa sababu dukani yeye hawezi kununua, hana tiketi. Alitoa pesa yake, hakutaka kupunguziwa. Nikaleta sita. Nikazihesabu mbele yake kwa sauti, moja, mbili, tatu, nikizipanga kwenye kikapu chake pole pole ili kila mtu aone ni sita na si saba. Nikarudi nyuma hatua mbili, mikono nimeifunga mgongoni, kidole cha huku kimeshika cha kule. Wenzangu walikuwa wamesimama nyuma yangu.

Madam hakuingia garini. Alibaki amesimama, kikapu wazi mikononi.

"Mama," akasema, "hapa ni uwanja wa ndege?"

"Hapana, madam."

"Kuna mfuko umefungwa?"

"Hakuna."

"Na mimi, nimenunua ama sijanunua?"

"Umenunua."

Akanisogezea kikapu mpaka kikanigusa kifua. "Sasa mbona unaniaibisha mbele ya watu?"

Nilikimbia stoo, na mgongo wangu huo huo, nikarudi na chupa mbili kubwa.